Pazia la Mwaloni na Unga wa Sembe

Tangu nistaafu, Bahati amenipigia simu mara nne, na mara zote nne alikuwa anatafuta patasi ambayo mimi mwenyewe nilimwachia mkononi. Safari ya mwisho, baada ya patasi kuonekana, hakukata simu. "Andika, mzee," aliniambia. "Bale bajeunes ba hapa ku atelier banasema mie ninabongopeya." Basi naandika, ili ninyi vijana mlioingia karakanani karibuni msimwite Bahati mwongo anapowasimulia habari ya pazia na unga. Habari za vyeo hamtazipata humu, kwa sababu kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: Miss Darlene alikuwa mwenye karakana, na sisi wengine tulikuwa wenye vumbi.

Mimi ni seremala wa Muheza. Nilifundishwa na Mwalimu Kilua katika karakana ya misheni, mtu mfupi aliyevaa shati jeupe kazini na kurudi nalo jeupe nyumbani. Kwake kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuacha alama kwenye kazi. Mstari wa penseli, mkwaruzo wa msumari, tone la gundi, vyote hivyo alivigusa kwa kidole na kukutazama mpaka uone haya. "Hii inakwenda kanisani," alisema, hata kama ilikuwa meza ya kuuzia vitumbua. Nilikaa chini yake miaka minne na somo hilo likaniingia mpaka kwenye mifupa. Mtaona baadaye lilivyonitia matatani.

Nilifika Dallas miaka ya tisini, nikimfuata mke wangu, Mama Neema, aliyetangulia kusomea unesi. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala. Sina neno baya la kusema juu ya maboksi. Ila jioni nikirudi nilikuwa naficha mikono yangu mfukoni, maana ilikuwa inalainika, na seremala mwenye mikono laini anajisikia kama mtu aliyesahau jina lake. Kwa hiyo dereva mmoja wa kanisani kwetu aliponiambia kuna karakana inayotengeneza vitu vya makanisa ya kale, na kwamba fundi mkuu ni Mwingereza mkali ambaye amewafukuza watatu mwaka huo, mimi nilisikia neno "karakana" tu. Hayo mengine yalipita.

Fundi huyo aliitwa Edgar. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mgongoni, na Kiingereza chake cha kijijini kwao nilikielewa nusu. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha mwaloni na patasi butu kama kijiko, akaniambia nikate tundu, kisha akaondoka. Nilitafuta jiwe la kunolea, nikanoa. Nilinoa asubuhi nzima. Aliporudi saa sita, ule mwaloni haukuwa na hata mkwaruzo. Alichukua patasi, akanyoa vinyweleo vya mkono wake, akapuliza. "Jumatatu saa moja," akasema. Wale watatu waliofukuzwa, nilikuja kusikia, wote walikuwa wameanza kukata.

Hata hivyo, Miss Darlene aliniandika kwa majaribio tu, kwa dhamana ya Mzee Edgar. Akiridhika, nimebaki. Asiporidhika, narudi kwenye maboksi.

Kazi iliyonikuta ilikuwa kubwa. Kulikuwa na kanisa la kijiji huko mashariki ya Uingereza, la karne ya kumi na tano, lililokuwa limefungwa kwa kukosa waumini. Mzee Edgar alikwenda mwenyewe kulifungua vitu vyake kimoja kimoja, vikaletwa kwa meli. Mnunuzi alikuwa usharika mpya karibu na Katy, nje ya Houston, uliojenga kanisa zuri lenye kiyoyozi lakini ukaona ndani pamekaa kama benki.

Mzee Edgar aliponionyesha mchoro wa kanisa lile la zamani nilicheka kwa furaha, akadhani namcheka. Ni kwamba nililijua. Waingereza waliojenga kanisa letu la mawe kule Muheza walikuwa wametamani kwao, wakajenga vilevile: mnara upande wa magharibi, birika la ubatizo karibu na mlango kwa sababu mtoto anaingia kanisani kwa maji, kisha ukumbi mrefu wa waumini, kisha pazia la mbao, na nyuma ya pazia, mashariki, madhabahu. Ningeweza kutembea ndani ya mchoro ule nimefumba macho. Usharika wa Katy, kwa upande wao, walikuwa wameiweka madhabahu magharibi ili milango ielekee maegesho ya magari. Mzee Edgar alilichukua jambo hilo kama msiba. Mpaka mwisho, alipokuwa ndani ya kanisa lile, aliita magharibi mashariki, na ole wake aliyemsahihisha.

Birika la ubatizo lilikuja na kifuniko cha mbao chenye komeo na kufuli. Bahati, aliyekuwa ametufikia karibuni kutoka Uvira, Kongo, kwa njia ndefu ya kambi za wakimbizi, na ambaye kazi yake ilikuwa kupaka nta, aliuliza maji yanafungiwa ya nini. Mzee Edgar akaeleza kwamba zamani watu walikuwa wanayaiba maji yaliyobarikiwa kwenda kufanyia dawa na uganga. Bahati akanigeukia. "Mzee, kumbe na bale Bazungu balikuwaka na bafumu?" Siku nzima alipiga kazi kwa moyo mwepesi, kama mtu aliyegundua ndugu wa mbali.

Mabenchi nayo yalikuwa na vichwa vilivyochongwa. Kimoja kilikuwa na mbweha aliyevaa joho la mhubiri, amepanda mimbarini, anawahubiria mabata bukini, na mmoja wa mabata tayari shingo yake imo ndani ya joho. Mtu fulani alichonga hicho kanisani, miaka mia tano iliyopita, na padri akapita hapo kila Jumapili. Bahati alikigusa akasema, "Huyu mie namujua. Ni pasteur wa kwetu."

Lakini roho ya kazi ilikuwa lile pazia. Msifikirie kitambaa. Ni ukuta wa mwaloni uliotobolewa kama lesi, unaosimama kati ya waumini na madhabahu, mwone lakini mjue mko wapi. Chini una mbao zilizochorwa watakatifu, ambao nyuso zao zilikwaruzwa na watu wenye hasira za dini zamani sana. Juu ya hapo kuna nguzo nyembamba kumi na nne. Kila nguzo ina ulimi chini na ulimi juu. Ulimi wa chini unaingia kwenye tundu la mti wa chini, wa juu kwenye tundu la boriti, kisha kijiti cha mwaloni kinapigwa kupita vyote viwili. Hakuna msumari hata mmoja.

Pazia lilikaa karakanani miezi minane bila kuguswa na patasi. Mbao zilizozoea unyevu wa Uingereza ukiziingiza ghafla kwenye kiyoyozi cha Texas zinapasuka. Tulizifunika kwa mablanketi yenye majimaji, tukapunguza maji wiki baada ya wiki, na kila Ijumaa tulizipima uzito. Mzee Edgar alisema mwaloni unahitaji karibu mwaka mmoja kuizoea Texas. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa mwaka wa tatu na bado.

Ilipofika wakati wa kusafisha, Mzee Edgar alinipa maagizo kabla ya kwenda Katy kupima ukuta. Nyuso za watakatifu zisiguswe kabisa. Mikwaruzo ile nayo ni historia. "Hayo mengine yasafishe," akasema, akaingia garini.

Nami nikayasafisha. Jumamosi, siku ambayo haikuwa hata ya kazi, nilikwenda kwa hiari yangu ili Jumatatu nimfurahishe. Kwenye kila ulimi, chini na juu, niliona mikwaruzo: mistari miwili, msalaba, mstari na msalaba, mistari mitatu iliyolala. Nilijisemea, watoto wa kwaya hawa, watundu popote walipo. Nikamkumbuka Mwalimu Kilua na kidole chake. Nikachukua msasa na kisu cha kukwangulia, na kwa upendo wote alionifundisha, nikaondoa mikwaruzo kwenye ndimi zote ishirini na nane. Kisha nikageukia yale matundu, ambayo pembeni yao yalikuwa na mikwaruzo kama hiyo hiyo, nikayaondolea nayo. Bahati alipita kufuata kofia aliyoisahau, akaona nguzo zimelala ovyo, akanisaidia kuzipanga ukutani vizuri, kwa urefu.

Ninyi mmeshajua. Alama zile zilikuwa za maseremala waliolijenga. Kila ulimi na tundu lake vilikatwa kwa mkono, vikapewa alama moja, kwa sababu ulimi wa tatu hauingii kwenye tundu la saba, hata macho yakikwambia vinafanana. Zilikuwa zimedumu miaka mia tano. Zilipita vita, moto na wenye hasira za dini. Hazikupita kwangu.

Jumatatu Mzee Edgar aliinua nguzo moja, akageuza ulimi kwenye mwanga. Akainua ya pili. Akaweka chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Na nani aliyezipanga? Zilikuwa zimelala kwa mfuatano wake."

Bahati akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mie, patron. Nilizipanga kama basoda ba jeshi."

Mzee Edgar alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaniambia, polepole ili nielewe kila neno: pazia litasimama hapa hapa karakanani kabla ya kupakiwa, na siku ya kupakiwa ni baada ya wiki tatu. Hakuna ulimi utakaolazimishwa, hakuna utakaochongwa, hakuna utakaovunjika. "Likisimama, utakwenda nalo Katy. Lisiposimama, nitampigia Miss Darlene, na wewe utarudi ulikotoka." Akachukua begi lake la ngozi, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Kazi ningepata nyingine. Maboksi hayaishi Dallas. Nilichoogopa ni kwamba hakuna mtu angenipa tena patasi katika nchi hii, na ingekuwa haki yao.

Wiki ya kwanza nilijaribu kwa macho. Nilipima kila kitu kwa rula, nikaandika, nikachora. Haikufaa. Tofauti ya ulimi na ulimi ilikuwa unene wa ukucha, na kila ulimi uliingia nusu kwenye kila tundu, ukakwama, bila kusema umekwama wapi. Kulazimisha nimekatazwa. Wiki ikaisha na nguzo mbili tu zimepata nyumba zao, na moja kati ya hizo sikuwa na hakika nayo.

Jumapili mezani nilikuwa nazungusha tonge mkononi bila kula. Nikamwambia Mama Neema kwamba Mwalimu Kilua alikuwa na njia: alipaka ulimi masizi, akausukuma polepole, akautoa, kisha akatazama masizi yamefutika wapi. Hapo ndipo panapogusa. Nikasema nataka kuchoma kitu kidogo ili nipate masizi.

"Utachoma wapi, Baba Neema?" akauliza. "Humu ndani ya apartment? Smoke detector ilie, fire truck ije, manager atu-evict? Na jiko lenyewe la umeme. Masizi ya Dallas utayatoa wapi?"

"Basi sina njia."

"Njia unayo hapo kwenye sinia." Akasukuma pakiti ya unga wa sembe, ile tuliyokuwa tunaifuata mbali kwenye duka la Wahindi. "Mwaloni wako si mweusi? Paka unga. Tena hauchafui, unafuta tu."

Neema, aliyekuwa na miaka saba, akasema bila kuinua macho, "Daddy, that's so gross."

Jumatatu nilifika na pakiti yangu. Kwenye mwaloni mweusi ule wa miaka mia tano, sembe ilikaa kama umande ulioganda asubuhi. Nikapaka ulimi kwa brashi, nikausukuma kwa kidole gumba tu, nikautoa. Pale unga ulipofutika nilisoma kila kitu: bega la kushoto linagusa, pembe ya ndani inagusa, huyu si wako. Nikachukua mwingine. Kila ulimi uliacha chapa yake. Niliandika kwenye ubao: nguzo ya dirishani, tundu la tano, hapana, bega la kulia. Bahati alinishikia taa na kunisomea, na kila tulipokosa alisema, "Non, patron wa unga, huyu si bwana yake." Kisha siku ya nne nilisukuma ulimi mmoja na ukaingia wenyewe mpaka mwisho, bila sauti, na hewa ikatoka kwenye tundu kwa pumzi ndogo. Nilipoutoa, unga ulikuwa umefutika pande zote sawasawa. Baada ya kuusikia ule wa kwanza, vidole vyangu vilijua vinatafuta nini.

Mzee Edgar alipita mara mbili kwa siku. Alitazama unga sakafuni, alinusa, akaendelea na safari yake. Mara moja tu alisimama akauliza ule ni unga gani. Nikamwambia ndio tunaokula. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kana kwamba jibu lolote lingine lingemkera.

Pazia lilisimama siku mbili kabla ya lori. Nguzo zote kumi na nne, hakuna iliyopinda, na ukilitikisa linatikisika lote kama kitu kimoja. Mzee Edgar alilizunguka mara tatu. Kisha akanipa patasi yake mwenyewe. "Sasa rudisha ulichokiondoa," akasema. Alinitaka nikate alama kwenye kila ulimi na kila tundu, kama za wale wazee, lakini kando ya kila moja niweke M, herufi ya jina langu, ili atakayelifungua siku za mbele asidanganyike kwamba ni alama za kale. "Atakuja baada ya miaka mia tatu," akasema. "Hatakuwa na mtu wa kumwuliza."

Nilikata alama siku nzima. Nilimwomba Mwalimu Kilua msamaha kimoyomoyo, kisha nikakata kwa nguvu.

Katy tulifika asubuhi, baada ya masaa mengi ya barabara kuu na Bahati akiimba. Tulipokuwa tayari kusimamisha nguzo ya kwanza, Mzee Edgar alinituma kwenye lori nikamletee tambara. Nililitafuta robo saa nzima. Niliporudi mikono mitupu, tambara lilikuwa limening'inia mfukoni mwake, na nguzo ya kwanza alikuwa ameshaisimamisha mwenyewe. Nikasema moyoni, mzee anazeeka. Jioni pazia lilikuwa limesimama, na wanawake wa usharika walikuja kuligusa kwa ncha za vidole. Jumatatu yake Miss Darlene aliniambia majaribio yamekwisha. Mzee Edgar alirudi kwao mwaka uliofuata. Patasi yake hakuniomba, nami sikuirudisha; ndiyo ile Bahati anayoipoteza kila mwezi.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, nami nitaipitia haraka kwa sababu raha haina mengi ya kusimulia. Nilitengeneza mimbari nane, milango mingi, na viti vya mapadri vyenye kibao kidogo chini ya kiti, ambacho mzee akichoka kusimama anaegemeza makalio huku watu wakidhani bado amesimama. Kile ni kifaa bora kuliko vyote vilivyopata kubuniwa na kanisa. Mama Neema alipata kazi kwenye hospitali kubwa za Houston, tukahamia Pearland, pembeni ya Houston, nami nikawa naendesha gari kwenda Dallas kila Jumatatu na kurudi Ijumaa, na tulizoea. Habari za kifo cha Mzee Edgar zilinifikia kwa barua ya mpwa wake. Nilisikitika sana, maana nilikuwa sijawahi kumshukuru kwa maneno.

Kisha, mwaka wangu wa mwisho kazini, mvua kubwa ilivujisha paa la kanisa la Katy, na mti wa chini wa pazia ukanywa maji. Ilibidi lifunguliwe. Si baada ya miaka mia tatu. Hata kumi na tano haikufika, na aliyekuja kulifungua ni mimi mwenyewe. Nilicheka peke yangu pale.

Tulianza na nguzo ya kwanza. Bahati alitoa kijiti, mimi nikainua. Alama yangu ilikuwepo, na M yangu, imekatwa na mtu aliyekuwa anaogopa. Ndani ya tundu, chini kabisa, kulikuwa na kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi ya nta. Nikakifungua juu ya benchi la mbweha.

Ilikuwa karatasi nyembamba iliyokunjwa ikawa kurasa nne. Juu yake, kwa penseli iliyosuguliwa karatasi ikiwa imelazwa juu ya mbao, zilikuwemo alama zote za wale maseremala wa kale, ulimi kwa ulimi, tundu kwa tundu, zimepangwa kwa mpangilio wake. Mzee Edgar alikuwa amezichukua siku alipokuwa analifungua pazia kule kwao. Bila shaka alizichukua. Fundi gani anafungua kazi ya miaka mia tano bila kunakili? Ningejiuliza hivyo Jumatatu ile, lakini hofu haikunipa nafasi. Karatasi ile ilikuwa kwenye begi lake la ngozi wiki zote tatu, nami nikiwa nje na unga wangu. Na lile tambara la Katy lilikuwa la kunitoa njiani tu, aifiche.

Chini ya ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika maneno machache ya Kiingereza, ambayo maana yake ni hii: "Hakuihitaji."

Bahati aliisoma, akanitazama, akakaa chini. "Yule mzee," akasema. "Yule mzee!" Mimi nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kilichotangulia. Mama mmoja wa usharika alituletea maji akidhani tumepokea habari mbaya.

Mti wa chini ulipokauka tulirudisha pazia. Karatasi nimeirudisha pale pale, kwenye tundu la kwanza, ndani ya nta mpya. Kwa hiyo vijana, ninyi ndio mtakaolifungua safari ijayo, na sasa mnajua iko wapi. Nawaombeni kwanza mjaribu bila hiyo. Mkishaifungua, mtaona chini ya mwandiko wake nimeongeza mstari mmoja kwa penseli, kwa Kiswahili, maana sikujua kwa lugha nyingine ningeusemaje: "Niliihitaji sana, Mzee. Asante kwa kuninyima."